Masika ya Pikipiki Ndefu

Morogoro, Jumatatu, 2 Machi 1914

Mvua imeanza leo kabla ya adhuhuri, na Bwana Haberkorn ameanza wazimu mpya. Sijui kipi kitakwisha kwanza.

Alituita karakanani, mimi na Mzee Mikidadi, akafunua turubai. Chini yake kulikuwa na injini ya silinda moja, nene kama ndoo, iliyokuwa ikivuta maji katika shamba moja la pamba upande wa Kingolwira kabla shamba halijafa. Akasema, "Hii itakuwa pikipiki." Mzee Mikidadi, ambaye amefua vyuma hapa Mwembesongo tangu siku za misafara, aliizunguka taratibu na kuigonga kwa kidole. "Bwana," akasema, "ukiifunga hii kwenye baiskeli itaiacha baiskeli nyuma, iende zake peke yake." Bwana alicheka, jambo ambalo hulifanya kwa nadra, na hapo nikajua kazi ipo.

Anasema pikipiki za Ulaya zimetengenezwa kwa ajili ya vijana wembamba na barabara tambarare. Yeye ni mtu mnene, na nyonga yake ya kushoto imeharibika. Anataka mashine ambayo mtu ataikalia kama akaavyo barazani, mgongo umetulia, miguu mbele, mikono kwenye usukani mpana kama pembe za ng'ombe, na nguvu ya kupanda kutoka Mlali mpaka machimbo yake ya ulanga, lile jiwe la matabaka yanayong'aa, juu ya Mgeta bila mtu kushuka kusukuma. Mwezi wa nane kutakuwa na maonyesho makubwa Dar es Salaam. Anataka isimame pale, Wazungu wenzake waizunguke na kuuliza nani kaitengeneza.

Kazi yangu ni kuchora. Mapadri walinifundisha kuchora madirisha na madawati ya kanisa, na leo nimeshinda nikichora mnyama.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua. Nimechora, nimefuta.

Jumanne, 10 Machi

Nimeipata. Injini nzito hivi ukiiweka juu, mashine itataka kulala kila kona. Kwa hiyo nimeishusha chini kabisa, katikati ya magurudumu mawili, na ili ipate nafasi nimeirefusha fremu, gurudumu la nyuma likaenda mbali. Kiti kimekaa chini, kimelegea nyuma. Nilipomaliza niliitazama ile karatasi nikaona sijawahi kuona kitu cha namna ile, na nikafurahi mno, sioni sababu ya kuficha.

Bwana aliiangalia muda mrefu. Aliweka kidole kwenye mstari unaotoka injini hadi gurudumu la nyuma. "Mkanda utakuwa mrefu sana, Severini." Nikasema ndiyo, Bwana. Akasema mkanda wa ngozi ukiwa mrefu hivyo utapigapiga na kuteleza, ila si kitu, ataagiza mnyororo kutoka Ulaya, na mkanda utatusaidia kwa majaribio tu. Akakunja karatasi yangu kwa uangalifu kama hati ya nyumba.

Jumapili, 15 Machi

Kasiani ameshuka kutoka Mgeta na wachukuzi wa ulanga, na kama kawaida amenitia hasara. Nilipotoka misa nilimkuta uani kwangu anamla jogoo wangu. "Karibu, mtani," akaniambia, kwa chakula changu mwenyewe.

Ningefanya nini? Ukoo wao na ukoo wetu, lukolo letu, ni watani tangu mababu. Mtani akichukua kitu chako, hukasiriki. Akikutukana, unamtukana zaidi. Ukinuna, wewe ndiye uliyeshindwa, na habari zitafika Mgeta kabla yako. Tena huyu amemwoa dada yangu Anastasia, kwa hiyo ni shemeji na mtani kwa mpigo, na ulimi wake haupumziki. Kwetu watoto ni wa lukolo la mama, basi kila siku ananiambia, "Mimi ni kibarua wako tu. Nakuzalia, wewe unahesabu."

Bwana alimwona akishuka kilima cha stesheni kwa baiskeli ya karani, miguu hewani, anaimba. Akaniuliza ni nani. Sasa Kasiani ndiye atakayeiendesha pikipiki, kwa sababu mashine yetu haina namna ya kutenganisha injini na gurudumu: unaisukuma ukikimbia, inawaka, unairukia. Bwana na nyonga yake hawezi kuruka hata mtaro.

Nilimwambia Kasiani, "Kitu hiki kitakuua, nami nitakuzika bila kukuosha."

"Nizike," akasema, "halafu uone watoto wako wanavyokula."

Jumapili, 22 Machi

Kasiani amehamia kwangu mpaka kazi iishe. Anakoroma.

Jumamosi, 28 Machi

Imewaka.

Plagi zilizotoka Ulaya zilikuwa zikipasuka kila tukijaribu, maana silinda hii ina joto la tanuru. Bwana akasema tunachimba ulanga mlimani na kuupeleka Ulaya wautie kwenye plagi, basi tujitilie wenyewe. Tulichambua matabaka membamba, tukayazungushia msumari wa katikati, tukakaza. Ulanga hauungui. Kasiani alisukuma, ikakohoa, ikanyamaza, akasukuma tena, na ghafla ikalia du, du, du, polepole, kila mlio peke yake, hadi mabati ya karakana yakaitikia. Akina mama wa sokoni walikimbia na kuacha mihogo. Mzee Mikidadi alisema astaghafirullah, lakini alikuwa anatabasamu.

Kasiani aliizungusha uwanjani mara kadhaa, amekaa kama liwali. Nilimpigia kelele kwamba anaonekana kama maiti aliyesahauliwa kitini. Nilikuwa na furaha kuliko yeye.

Alhamisi, 2 Aprili

Fremu imepasuka shingoni kwa mtikisiko. Mzee Mikidadi ametia kiraka cha chuma na kulehemu upya. Mvua haikati.

Jumapili, 12 Aprili. Pasaka

Anastasia ameteremka na watoto kusali Pasaka huku. Baada ya chakula alitaka kuiona mashine inayomla mumewe. Kasiani alikwenda kuwanunulia watoto miwa, basi mimi ndiye niliyefungua karakana.

Aliushika usukani, akauachia haraka. "Kaka, kitu hiki kinasimamaje?"

Nikamweleza. Kuna kipande cha mti kinachobana ukingo wa gurudumu la nyuma ukikanyaga hapa. Halafu injini yenyewe, ukiinyima moto, inalizuia gurudumu kupitia mkanda.

"Na mkanda ukilowa?"

Nikasema mnyororo umeagizwa, uko njiani.

"Sikuuliza mnyororo," akasema. Nilifunga karakana nikamwambia watoto watakuwa wanamtafuta.

Jumanne, 21 Aprili

Jaribio la kwanza barabarani, njia ya Kingolwira, mahali tambarare. Manyunyu. Bwana alifuata kwa gari la farasi, mimi na Mzee Mikidadi nyuma yake.

Mwendo ulikuwa mzuri mno. Mashine imetulia chini, haiyumbi hata kwenye mashimo, urefu ule unaimeza barabara. Hapo nilikuwa nataka kila mtu aulize nani kaichora. Kisha Bwana akapunga kitambaa, maana yake simama. Kasiani alikanyaga. Tulimwona anakanyaga. Mashine iliendelea na safari yake, ikampita mama mmoja na mtungi, ikaacha barabara na kuingia katika mahindi ya mtu, na huko ndiko ilikosimama, imezungukwa na mabua.

Mkanda ulikuwa umelowa, unateleza kama mlenda. Mti wa breki nao ulijaa tope. Kasiani alitoka mahindini anacheka, majani kichwani, nami nikamwambia, "Leo umekosa kufa kwa sababu hata kifo kimekuonea haya." Watu waliangua kicheko. Mzee Mikidadi peke yake hakucheka. Aliupaka mkanda ulimbo, akaukaza, akasema utasaidia wakati wa kiangazi.

Bwana si mjinga. Alisema pale pale kwamba pikipiki haitakwenda mlimani mpaka mnyororo ufike. Nilishukuru kimoyomoyo.

Jumatatu, 27 Aprili

Meli imekuja Dar es Salaam. Mnyororo haukuja.

Jumatatu, 4 Mei

Mvua. Haukuja.

Jumamosi, 9 Mei

Amekuja mtu badala ya mnyororo. Ni rafiki wa Bwana, mwenye duka la mashine Dar es Salaam, mwembamba, ana miwani na haraka. Amesema akiiona pikipiki inapanda hadi machimboni na kuteremka, ataitafutia mahali pazuri kwenye maonyesho na watu wa kuinunua. Akisubiri mnyororo, atakuwa amekwisha rudi.

Jioni nilipompelekea Bwana michoro alikuwa anaangalia mvua. "Kupanda hakuna hatari," akasema. "Na kuteremka, polepole tu."

Nikasema, "Bwana ulisema mnyororo kwanza."

"Najua nilichosema, Severini." Kwa sauti ile, mwenye akili huaga. Nikaaga.

Jumanne, 12 Mei. Mgeta

Imepanda. Lazima niandike hivyo kwanza, ingawa nina hasira.

Kutoka Mlali njia ya ulanga inajikunja mlimani kama utumbo, tope huku, jiwe kule. Wachukuzi walijipanga kando na mizigo vichwani. Kasiani aliegemea nyuma, miguu mbele, na ile silinda ikalia polepole bila kuhema, du, du, du, ikapanda, ikapanda. Ulimbo ulishika, na leo asubuhi mvua ilituonea huruma. Mahali ambapo nyumbu hukataa, haikukataa. Tulipofika machimboni ukungu ulikuwa chini yetu, na watu wa kwetu wote wametoka, pamoja na Anastasia na watoto. Nilitaka kulia. Nilikuwa nimeuona mstari wangu wa karatasi unapanda Uluguru.

Basi yule mgeni akauliza, kwa Kiswahili chake cha dukani, nani alichora. Kabla sijafungua mdomo, Kasiani akanionyesha kwa kidole. "Huyu, Bwana. Hajawahi kupanda hata punda. Amechora kitanda akakitia moto." Machimbo yote yalicheka. Mgeni alicheka akafuta miwani. Hata Bwana alicheka.

Ilinipasa nimjibu. Maneno yalikuwepo, mengine mazuri kabisa, lakini yalikataa kutoka. Nilicheka na wenzangu kwa midomo tu. Mtani hakasirikiwi, najua, na ndiyo maana sina pa kuipeleka hasira hii. Anastasia amenipikia, nami nimemtumia neno kwamba nitalala kwenye banda la machimbo kuilinda mashine. Mashine haiwezi kuibwa na mtu yeyote hapa. Sitaki kumwona Kasiani usoni, basi.

Jumatano, 13 Mei

Mvua tangu alfajiri. Mgeni anahesabu siku za treni. Kasiani alikuja bandani mara mbili akaniletea mahindi ya kuchoma. Mara zote mbili nilijifanya nimeshughulika na kabureta.

Alhamisi, 14 Mei

Nitaandika kwa mpangilio, la sivyo sitaandika kabisa.

Asubuhi mvua ilikata. Niliugusa mkanda. Ulikuwa umevimba na kulegea kama ngozi mbichi, na ulimbo umetoka wote. Niliukaza mpaka tundu la mwisho, na bado niliweza kuuzungusha kwa kidole. Ukingo wa gurudumu ulikuwa umelowa, na mti wa breki umekunywa maji. Nikaenda kwa Bwana nikamwambia. Alitoka mwenyewe na fimbo yake, akaugusa, akautazama mlima, akamtazama mgeni ambaye tayari alikuwa amevaa koti la safari. "Azime injini," akasema. "Ateremke kwa breki. Polepole." Kisha akaniacha nimesimama.

Kasiani alikuwa juu ya njia, ameishika mashine kwa pembe zake. Wachukuzi walikuwa wamejaa kando zote mbili. Watu wa lukolo letu walikuwa mstari mmoja, watani wake wote, wanamtupia maneno, naye anawarudishia. Ukoo wake ulikuwa upande wa pili. Anastasia alisimama na mtoto mdogo mgongoni. Mgeni alikuwa karibu kabisa.

Nilimwendea moja kwa moja. Nikasema, "Usishuke nayo. Mkanda umelowa, breki haitashika. Utakufa."

Mstari wote wa kwetu uliangua kicheko. Mbona wasicheke? Masika yote sijamwambia neno jingine. Nimemzika Morogoro, nimemzika Kingolwira, nimemzika mbele ya wake wa watu sokoni. Mmoja akapiga kelele, "Severini, mwombe kwanza akuachie viatu!" Nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, "Kasiani, nasema kweli." Wakacheka zaidi, maana hata hayo ndiyo husemwa.

Kasiani alinitazama. Hakucheka wakati ule ule. Alinitazama kidogo, halafu akageukia watu, akasema, "Anaogopa nitakwenda Dar es Salaam nimwache na kitanda chake." Upande wa ukoo wake wakashangilia. Akaisukuma, akairukia.

Mwanzoni alikwenda polepole kama alivyoagizwa. Kona ya kwanza aliipita vizuri. Kisha tukasikia mti wa breki unalia, unalia, halafu hausikiki. Mashine ilianza kukimbia bila sauti, na hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko kelele zote, kitu kizito namna ile kinakimbia kimya. Kwenye kona ya kijito njia inakata kushoto. Yeye hakukata. Ule urefu niliousifia barabarani haugeuki upesi.

Nilikimbia. Tulimkuta chini kwenye mawe, mashine imemlalia kuanzia tumboni hadi miguuni, gurudumu la nyuma bado linazunguka, na mkanda umetoka umelala kando yake. Alikuwa hai. Bwana alishuka akijikokota na ile nyonga, hakuna aliyemsaidia, akapiga magoti topeni akainyanyua injini pamoja nasi mpaka mikono ikachubuka.

Ijumaa, 15 Mei

Yuko nyumbani kwa Anastasia. Padri amekuja na dawa zake, akampaka mafuta matakatifu. Ndani ameharibika. Mvua imerudi.

Kila anayefika kumtazama ananishika bega. "Wewe ulisema, Severini. Sote tulisikia." Wananiambia kama zawadi.

Jumapili, 17 Mei

Mchana leo Anastasia alikwenda kisimani, nikabaki naye peke yangu. Ilikuwa mara ya kwanza, nadhani, tangu Morogoro. Alikuwa macho. Uso umekuwa mdogo.

Nilimwambia, "Siku ile haikuwa utani."

"Najua," akasema.

Nilidhani hakunisikia. Nikarudia.

"Najua, shemeji. Nilijua neno la kwanza tu. Sauti yako ilikuwa mbovu, haikuwa ya kutania." Alipumzika, akapumua kidogo kidogo. "Lakini ulisemea pale. Watani wako wote wamejipanga, na wangu upande huu, na yule Mzungu. Ningeiacha mashine kwa sababu mtani kanitisha? Ningekaa wapi Mgeta?"

Nikamvutia shuka kifuani.

"Ungeniita pembeni," akasema. "Hata nyuma ya banda. Ningetafuta tumbo la kuumwa, ningejilaza chini mbele ya Bwana, ungeona." Akajaribu kucheka, ikamuuma, akaacha. "Nilikuja bandani kwako mara mbili."

Anastasia alirudi na maji. Nikatoka nje nikasimama mvuani kama mtu asiye na kwao.

Jumanne, 19 Mei

Kasiani amefariki leo alasiri. Nililia waziwazi.

Jumatano, 20 Mei

Watani ndio huchimba kaburi. Tulichimba tangu asubuhi, udongo unarudi shimoni na maji.

Padri alipomaliza sala zake alisogea kando akageukia mlima, kwa sababu anajua yanayofuata na amechoka kuyakataza. Watu wote wakanitazama. Msiba usio na maneno ya mtani ni aibu kwa marehemu, kana kwamba hakuna aliyemjali vya kutosha kumcheka. Na mtani wake mkubwa ni mimi.

Nikaingia kaburini. Nikalala, nikasema hapa ni pangu, huyu amezoea kulala kwangu bure na kukoroma, leo atafute kwingine. Wakacheka. Nikatoka, nikaiga mwendo wake, nikaiga anavyokaa kitini kama liwali, miguu mbele, nikaiga anavyosukuma mashine na kuruka. Walicheka huku wanalia. Mama yake Kasiani alicheka mpaka wakamshika. Nilifanya vizuri, na ninajichukia kwa hilo, maana siku ya hasira yangu maneno yalikataa, na leo yalikuja yenyewe.

Baadaye wazee wa ukoo wao walinishukuru. Wakasema tena kwamba nilimwonya mchana kweupe, hakuna wa kunilaumu. Nikasema ahsanteni.

Morogoro, Jumatatu, 25 Mei

Mnyororo umefika. Umefungwa kwenye karatasi ya mafuta, unang'aa. Mzee Mikidadi aliupokea, akauweka juu ya fuawe, akatoka nje kuswali ingawa wakati haujafika.

Bwana amekonda. Aliniita, akauliza kama fremu inaweza kunyooshwa kabla ya mwezi wa nane. Mgeni ameandika kwamba mahali bado papo. Bwana akasema, kana kwamba nimemuuliza, "Nilisema polepole."

"Ndiyo, Bwana," nikasema. "Na mimi nilisema usishuke."

Tulitazamana. Nadhani kila mmoja wetu ameyashika maneno yake usiku na mchana akiyaona mepesi. Siku za nyuma nilimwona mtu mgumu asiyejali. Leo nimemwona ni mtu kama mimi, na sikuupenda ufanano huo.

Nimeanza kuchora breki, magurudumu yote mawili, chuma kwa chuma. Fremu nimeifupisha. Mkono unafanya kazi vizuri, na unanikera.

Mgeta, Jumapili, 31 Mei. Pentekoste

Bwana aliniruhusu nipande kwa siku ya kuondoa matanga. Mvua zimekwisha. Njia imekauka, wachukuzi wanapita na ulanga wakiimba, na kwenye kona ya kijito hawaimbi.

Nyumba ilijaa. Wakati wa pombe na chakula, mjomba mmoja alianza tena kusimulia: Severini alivyosimama, Severini alivyosema, mkanda umelowa, utakufa, wazi kabisa, na mtani wake hakusikia kwa ubishi. Watu wakaguna, eeh, eeh, ubishi tu. Anastasia alikuwa anagawa chakula. Nilimwona mkono wake umesimama juu ya chungu. Nikaona kwamba mume wake anageuzwa mjinga mbele yake ili mimi nibaki safi, na mimi natafuna.

Nikainuka. Nikamwambia, "Njoo kidogo," nikampeleka nyuma ya nyumba, mpaka chini kwenye migomba, ambako hakuna mtu.

Nikamweleza yote. Kwamba nilikuwa na hasira ya kipuuzi kwa neno la mchezo. Kwamba Kasiani alinifuata bandani nikamgeuzia mgongo, na hapo tungekuwa wawili. Kwamba nilingoja mpaka watu wakajaa ndipo nikasema, na sijui kama nilitaka asikie yeye au wasikie wao. Kwamba alijua. Kwamba alikuwa tayari kujifanya mgonjwa, kama ningempa mahali pa kushukia.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilingoja aniambie lolote, anifukuze, anilaani, mimi ni kaka yake na ana haki.

"Mimi nilikuwepo," akasema. "Nilikuuliza mwenyewe habari za mkanda, wakati wa Pasaka. Nilijua kuliko wote waliosimama pale." Alikuwa anaangalia mikono yake. "Na uliposema, nilicheka, kaka. Nilicheka na wenzangu."

Tukakaa chini pale kwenye migomba mpaka mwanawe akaja kutuita, kwamba chakula kinapoa na watu wanauliza tuko wapi.